Je, kama Tom Robinson angekuwa mlevi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Cincinnati, Ohio, na mwanangu wa kwanza yuko darasa la tisa. Shuleni wanasoma riwaya ya Harper Lee, To Kill a Mockingbird. Mwalimu wao amewaambia funzo la kitabu ni kwamba mtu apimwe kwa tabia yake, asipimwe kwa rangi. Mtoto akarudi nyumbani akaniuliza: "Mama, kama Tom Robinson angekuwa mlevi au mwizi, ingekuwa sawa kumfunga?" Nikamwambia hapana. Akaniuliza kwa nini, nikakwama. Tena si Martin Luther King mwenyewe aliyesema watu wapimwe kwa tabia? Nisaidie nimjibu nini.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kwanza mpe mtoto hongera. Nimefundisha fasihi ya Marekani miaka mingi, na wanafunzi wengi wa chuo humaliza riwaya hiyo wamemlilia Tom na kumpenda Atticus, wakafunga kitabu bila kuuliza alichouliza mwanao. Hapana yako ni sahihi. Sababu yake ni kwamba haki mahakamani haina mtihani wa kuingilia. Mlevi anastahili kesi ya kweli sawasawa na shemasi wa kanisa. Tukimtetea Tom kwa kuwa ni mtu mwema tu, tumeshakubali kimyakimya kwamba mweusi asiye mwema anaweza kufungwa kwa kosa ambalo hakulitenda.

Hayo ni maneno machache na mtoto wa umri wake hayatamtosha, kwa hiyo turudi kitabuni. Kwa faida ya wasomaji wengine: riwaya ilitoka 1960 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Hadithi iko Maycomb, mji wa kubuni katika jimbo la Alabama, miaka ya 1930. Tom Robinson ni kibarua mweusi wa miaka 25, ana mke na watoto watatu. Anashitakiwa kumbaka Mayella Ewell, msichana wa kizungu kutoka familia fukara. Wakili wake, Atticus Finch, anaonyesha kwamba Mayella alipigwa zaidi upande wa kulia wa uso, yaani na mtu anayetumia mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa Tom umelemaa tangu utotoni, uliponaswa na mashine ya kuchambulia pamba. Baba yake Mayella anaambiwa aandike jina lake mbele ya mahakama, naye anaandika kwa kushoto. Ukweli uko wazi kwa kila aliyemo ukumbini. Jopo la raia 12, wote wazungu, linamtia Tom hatiani hata hivyo, na baadaye anauawa kwa risasi akijaribu kutoroka gerezani.

Sasa mwambie mwanao afungue pale Tom anapopanda kizimbani. Miongoni mwa mambo ya kwanza anayoulizwa, tena na wakili wake mwenyewe, ni kama amewahi kufungwa. Tom anakubali: alihukumiwa siku 30 kwa kupigana na mtu. Wote wawili walitiwa hatiani, ila Tom alikwenda jela kwa sababu hakuwa na pesa za faini, na mwenzake alilipa akaenda zake. Ni mistari michache sana na darasani hupitwa haraka. Lakini ndani yake mna watu wawili wenye kosa moja na hukumu moja, na jela ikampata asiye na kitu. Atticus anauliza yeye mwenyewe ili jopo lione kwamba Tom hana la kuficha. Mwendesha mashtaka akisimama, anaanzia papo hapo: wewe si ndiye uliyewahi kufungwa siku 30? Yule mtu ulimfanyaje? Tom anajibu kwamba yeye ndiye aliyepigwa. Haidhuru, anaambiwa, ulitiwa hatiani. Maana yake inaeleweka na kila mtu ukumbini: aliyepigana jana leo anaweza kubaka.

Kwa hiyo swali la mwanao limo kitabuni tayari. Tom si malaika. Ana rekodi, na rekodi hiyo inatumiwa kujaza nafasi ya ushahidi ambao haupo.

Kuna hatua ya pili, nayo ndiyo hasa ninayotaka uisome na mtoto kwa sauti. Mwendesha mashtaka anamuuliza Tom kwa nini alikuwa akimpasulia Mayella kuni na kumfanyia kazi ndogondogo bila kulipwa. Tom anajibu kwa unyofu kwamba alimwonea huruma. Ukumbi unabadilika. Mtu mweusi kumhurumia mzungu ni kujiweka juu yake, na Tom mwenyewe anatambua ameteleza, lakini neno limeshatoka. Tazama lilivyo. Jema kuliko yote alilolitenda katika kitabu kizima ndilo linalommaliza. Angekuwa mkaidi wangemfunga kwa ukaidi. Alikuwa mpole na mwenye huruma, wakamfunga kwa huruma. Ukisema "watu wapimwe kwa tabia", swali linalofuata ni nani anapima, na kule Maycomb waliokuwa wakipima walikwisha kuamua kabla ya kumsikiliza mtu.

Katika hotuba yake ya mwisho Atticus anasema waziwazi kwamba watu hawalingani kwa kila kitu. Mmoja ana akili kuliko mwenzake, mwingine ana fedha zaidi, mwingine ana kipaji ambacho wengi hawanacho. Mahali pamoja tu, anasema, maskini husimama sawa na tajiri na mjinga sawa na msomi, napo ni mahakamani. Hilo ndilo jibu la mtoto wako, limo mdomoni mwa mhusika mkuu. Tabia zinatofautiana na zitatofautiana daima. Usawa unaozungumzwa hapa haukujengwa juu ya tabia.

Atticus anamtaja Thomas Jefferson, mwandishi wa Azimio la Uhuru la 1776 lililotangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa. Ngoja nikae kidogo kwa Jefferson, kwa sababu mkanganyiko anaokutana nao mwanao darasani ulianza na mtu huyu. Katika kitabu chake kuhusu Virginia, kilichochapishwa Paris 1785, aliandika kwamba anashuku watu weusi wamepungukiwa kuliko wazungu, kimwili na kiakili. Alimtaja Phillis Wheatley, aliyetekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto, akauzwa Boston, na akachapisha kitabu cha mashairi London mwaka 1773. Jefferson alisema mashairi yake hayastahili hata kuhakikiwa. Mwaka 1791 Benjamin Banneker, mtu huru mweusi wa Maryland aliyejifunza mwenyewe hesabu na elimu ya nyota, alimwandikia Jefferson barua na kumpelekea kalenda aliyoikokotoa kwa mkono wake, akamkumbusha maneno yake ya 1776. Jefferson alijibu kwa adabu, na mambo yakabaki yalivyokuwa.

Uone mtego walionaswa nao. Kila mtu mweusi aliyeandika shairi au kukokotoa mwendo wa mwezi aligeuzwa kielelezo katika kesi ya watu wake wote. Akifaulu, huyo ni mmoja tu, hathibitishi kitu. Akishindwa, basi wote ndivyo walivyo.

Lakini Jefferson huyohuyo, mwaka 1809, alimwandikia padri Mfaransa aitwaye Henri Grégoire sentensi ambayo ningependa mwanao aiandike ukutani kwake. Alisema kwamba vipaji vya watu weusi, viwe vya kiwango chochote, si kipimo cha haki zao. Isaac Newton aliwazidi wengine wote kwa akili, lakini hilo halikumfanya awe bwana wa mwili au mali ya mtu mwingine. Mtu huyu alijua. Katika maisha yake aliwamiliki watumwa zaidi ya 600, na aliyaandika hayo akiwa bado anawamiliki. Nchi nzima ilirithi pande zote mbili, sentensi na mashamba.

Kwenye sheria kuna kesi halisi ambayo unaweza kumsimulia mtoto, tena ya jimbo hilohilo la Alabama na miaka hiyohiyo. Machi 1931 vijana tisa weusi walikamatwa kwenye treni ya mizigo na kushitakiwa kwamba wamewabaka wasichana wawili wa kizungu. Mdogo kabisa alikuwa na miaka 13 hivi. Hawakuwa watakatifu. Walikuwa wamedandia treni bila nauli kama walivyofanya maelfu ya maskini wakati ule wa mdororo wa uchumi, na kulikuwa na ugomvi ndani ya behewa na vijana wa kizungu. Wiki mbili baadaye, katika mji wa Scottsboro, wanane kati yao walikuwa wamekwisha kuhukumiwa kifo. Mwaka 1933 mmoja wa wasichana wale, Ruby Bates, alisimama mahakamani na kusema kwamba hawakubakwa. Jopo likamtia mshitakiwa hatiani vilevile.

Kesi zile zilifika Mahakama Kuu ya Marekani mara mbili. Mwaka 1932 majaji walitengua hukumu kwa sababu vijana hawakupewa wakili wa maana. Mwaka 1935 walitengua tena kwa sababu watu weusi walikuwa wakifungiwa nje ya majopo. Hakuna mahali katika uamuzi ule palipoulizwa kama vijana hao walikuwa na adabu nyumbani kwao. Waliulizwa Alabama: uliwapa wakili? Uliwaruhusu watu wao kuketi katika jopo? Mzigo wa kujieleza ukawa wa dola.

Sasa, dada, nifike kwenye jambo linaloniuma katika kitabu hicho, ingawa ninakiheshimu na nitaendelea kukifundisha. Kuna kikongwe mmoja, Bi Dubose, anayeketi barazani kwake na kuwatukana watoto wa Atticus kila wakipita kwa kuwa baba yao anamtetea mtu mweusi. Ana matusi machafu. Baadaye tunaambiwa alikuwa mraibu wa mofini kutokana na dawa za maumivu, akaamua kujinasua kabla ya kufa, akapambana mpaka akafa huru. Atticus anasema huyo ndiye mtu shujaa kuliko wote aliopata kuwajua. Halafu yuko Bwana Cunningham, anayekuja usiku jela pamoja na genge la kumuua Tom, akaondoka baada ya binti wa Atticus kumsemesha habari za mwanawe. Kesho yake Atticus anasema kimsingi ni mtu mwema, ila ana mambo asiyoyaona. Lee amewapa wazungu wake undani. Mbaguzi anaweza kuwa shujaa, na muuaji mtarajiwa anaweza kuwa jirani mwema.

Tom je? Tukiacha zile siku 30, Tom ni wema mtupu. Hatujui anachekeshwa na nini, wala nyumbani anagombana na mkewe kuhusu nini. Hatujui kama aliwahi kumchukia mzungu hata siku moja. Calpurnia, mpishi wa nyumba ya Atticus, ana undani kidogo: kanisani kwake husema kwa namna nyingine tofauti na nyumbani kwa mwajiri, na watoto wanashangaa kugundua kwamba ana maisha yake. Lakini ni dirisha linalofunguliwa mara moja na kufungwa. Ruhusa ya kuwa na dosari na bado ukahesabika mtu imegawiwa kwa rangi, ndani ya kitabu kilichoandikwa kupinga ubaguzi.

Mwanao amelihisi hilo. Anapouliza "kama angekuwa mlevi", anamuuliza mwandishi kama angethubutu.

Mtindo huo Lee aliukuta. Harriet Beecher Stowe aliyewahi kuishi hapohapo Cincinnati mlipo, alichapisha Uncle Tom's Cabin mwaka 1852 na nakala 300,000 zikauzwa Marekani mwaka wa kwanza. Mhusika wake Tom anakufa kwa kipigo akikataa kusema wanawake wawili waliotoroka wamekwenda wapi. Kitabu kile kilizigeuza nyoyo nyingi dhidi ya utumwa, na hilo si jambo dogo. Ila watu wa kaskazini walimlilia mtu aliyekaribia utakatifu, na kwa karne nzima mhusika mweusi katika vitabu vya wazungu wenye nia njema akatakiwa afanane naye.

Linganisha na tukio moja katika Adventures of Huckleberry Finn ya Mark Twain, iliyotoka Marekani mwaka 1885. Jim, mtumwa aliyetoroka, yuko kwenye chelezo mtoni pamoja na mvulana wa kizungu, Huck. Alfajiri moja Huck anamkuta ameinamisha kichwa katikati ya magoti akiomboleza peke yake. Anawakumbuka mkewe na watoto. Kisha anasimulia. Binti yake Elizabeth, wa miaka minne, alikuwa ametoka kuugua homa ya vipele. Siku moja Jim alimwambia afunge mlango. Mtoto akasimama tu, anamtazama, anatabasamu. Jim akarudia kwa ukali, mtoto akatabasamu tena. Jim akampiga kofi la kichwa likamwangusha. Akaingia chumba cha pili, aliporudi mlango ulikuwa bado wazi na mtoto yuko palepale, ameinama, machozi yanamtoka. Jim akamwendea kwa hasira. Wakati huohuo upepo ukaupiga mlango nyuma ya mtoto kwa kishindo, na mtoto hakushtuka hata kidogo. Jim akasogea taratibu, akapiga ukelele nyuma ya kichwa chake. Mtoto hakutikisika. Homa ilikuwa imemwacha kiziwi na bubu. Jim akamkumbatia akilia, akimwomba Mungu amsamehe, kwa kuwa yeye mwenyewe hatajisamehe maisha yake yote.

Hapo pana baba. Amekosa vibaya, amempiga mtoto asiye na hatia, na majuto yanamla mpaka mtoni, mbali na nyumbani. Hakuna msomaji anayefika mwisho wa tukio hilo akasema Jim hastahili uhuru kwa sababu ana hasira. Twain ana makosa yake, na sura za mwisho za kitabu zinamrudisha Jim kuwa kichekesho, jambo ambalo wahakiki wengi hawajamsamehe. Lakini kwa kurasa zile mbili alimpa Jim kile ambacho Lee hakumpa Tom.

Waandishi weusi walilijua tatizo hili kwa ngozi zao. Richard Wright alieleza kwamba baada ya kitabu chake cha 1938, aligundua ameandika hadithi ambazo hata mabinti wa wenye benki wangeweza kuzisoma, wakalia, wakajisikia vizuri. Akaapa kwamba kinachofuata kitakuwa kigumu kiasi kwamba hakuna atakayepata faraja ya machozi. Ndipo ikaja Native Son, 1940. Bigger Thomas, kijana wa Chicago, anamuua binti wa tajiri bila kukusudia, kisha anamuua kwa kukusudia mpenzi wake mwenyewe, Bessie, msichana mweusi. Tajiri yule huwasaidia watu weusi na hununua meza za tenisi kwa ajili ya vijana wao, na kampuni yake ndiyo inayopangisha kile chumba chenye panya ambamo familia ya Bigger inaishi. Kwenye uchunguzi wa kifo unaotangulia kesi, maiti ya Bessie inaletwa kama ushahidi tu wa kumtia Bigger hatiani kwa kifo cha msichana wa kizungu. Mwaka 1949 mwandishi mwingine mweusi, James Baldwin, aliwakosoa Stowe na Wright pamoja: mmoja ameumba mtakatifu, mwingine zimwi, na mtu wa kawaida bado hajaonekana. Kwa maoni yangu Baldwin alikuwa na haki kuhusu Bigger, lakini alichokifanya Wright kilihitajika. Alimlazimisha msomaji aulize haki ya mtu ambaye hawezi kumpenda.

Na tabia yenyewe inatoka wapi? Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland na kutoroka 1838, ameacha ushahidi ambao siuchoki. Akiwa mtoto alipelekwa Baltimore kwa mama mmoja wa kizungu, Sophia Auld, ambaye hajawahi kuwa na mtumwa. Mama yule alikuwa mkarimu, akaanza kumfundisha kusoma. Mumewe akamkataza: mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Polepole yule mama akabadilika. Douglass anaeleza jinsi upole ulivyomtoka, mpaka akawa mkali kuliko hata mumewe, na akimwona mtoto na gazeti anamvamia na kumnyang'anya. Douglass anasema utumwa ulimdhuru mama yule kama ulivyomdhuru yeye. Hakumwita mbaya kwa asili. Alionyesha kwamba mamlaka yasiyo na mpaka juu ya mtu mwingine humharibu hata aliyeanza vizuri. Ukitaka kupima tabia za Wamarekani wa enzi ile, anza na waliokuwa na nafasi ya kuchagua.

Kwenye mto Ohio unaopita mjini kwenu kuna kisa kingine. Januari 1856 Margaret Garner na familia yake waliuvuka ukiwa umeganda barafu kutoka Kentucky, jimbo la utumwa, wakaingia Cincinnati. Walipozingirwa, Margaret alimuua binti yake mdogo badala ya kumwacha arudishwe utumwani. Jimbo la Ohio lilitaka kumshitaki kwa mauaji, na wapinga utumwa waliliunga mkono. Unashangaa? Kushitakiwa kwa mauaji ni kutambuliwa kwamba wewe ni mtu, una nia, unawajibika, na mwanao pia alikuwa mtu. Sheria ya watumwa watoro ya 1850 ilisema ni mali iliyopotea. Sheria hiyo ikashinda, akarudishwa Kentucky na baadaye akapelekwa kusini zaidi, akafa 1858. Toni Morrison alikitumia kisa hicho kama mbegu ya riwaya yake Beloved, 1987. Morrison hamsafishi mama yule wala hamhukumu kwa haraka. Anamwacha awe mtu mzima mwenye tendo la kutisha mikononi mwake, na msomaji anabaki naye.

Sasa King. Ndiyo, Agosti 28, 1963, mbele ya watu zaidi ya 200,000 mjini Washington, alisema ana ndoto kwamba watoto wake wanne siku moja wataishi katika taifa ambalo hawatahukumiwa kwa rangi ya ngozi bali kwa tabia zao. Sentensi hiyo imekatwa na kubandikwa kila mahali. Lakini hotuba haikuanza na ndoto. Lililotangulia ni deni: Marekani iliwaandikia raia wake wote hundi ya uhai na uhuru, na watu weusi walipoipeleka benki ikarudi imeandikwa hakuna salio. Anayedai deni haulizwi kama ana tabia njema ndipo alipwe. Sentensi ya tabia inahusu jinsi watoto watakavyotazamana katika nchi iliyokwisha kulipa. Kuitumia kama sharti la kulipwa ni kumgeuza King.

Harakati zenyewe zilijua bei ya kudaiwa tabia njema. Machi 2, 1955, kule Montgomery, Alabama, msichana wa miaka 15 aitwaye Claudette Colvin alikataa kumpisha mzungu kiti cha basi, akakamatwa. Viongozi waliona hafai kuwa uso wa madai: mdogo sana, na muda si mrefu akawa mjamzito. Oktoba mwaka huohuo akakamatwa Mary Louise Smith, miaka 18, naye akaachwa, huku ikivumishwa kwamba baba yake ni mlevi, uvumi alioukana. Mlevi, dada. Neno lilelile la mwanao. Desemba 1 akakamatwa Rosa Parks, mama mwenye heshima zake na katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, na mgomo wa kutopanda mabasi ukaanza. Siwalaumu viongozi wale. Walijua magazeti na mahakama za Alabama zitafanya nini na dosari yoyote. Na Parks alistahili kila sifa anayopewa. Ila kesi iliyofika Mahakama Kuu na kuvunja ubaguzi wa mabasi mwaka 1956 haikuwa ya Parks. Ilikuwa na walalamikaji wanne, na wawili kati yao ni Claudette Colvin na Mary Louise Smith.

King mwenyewe hakusalimika. Mwaka 1964 polisi wa upelelezi wa FBI walimpelekea barua isiyo na jina, pamoja na mkanda wa sauti zilizorekodiwa kwa siri, wakimtishia kumwaibisha kwa mambo yake ya faragha na kumdokezea ajiue. Hata kama kila neno kuhusu faragha yake lingekuwa kweli, Mmarekani mweusi wa Alabama alikuwa bado na haki ya kupiga kura. Wao walitumaini watu wataona vingine.

Kwa kazi ya mtoto ya shule, mshauri aandike juu ya zile siku 30. Akipinga tafsiri ya mwalimu kwa ushahidi wa kitabu chenyewe, kwa adabu, mwalimu mzuri atafurahi. Aanze kwa kumnukuu Atticus kuhusu usawa mahakamani, kisha aweke Tom na Bi Dubose ubavu kwa ubavu, aulize nani kati yao ameruhusiwa kukosea. Hapo ana insha nzima.

Akitaka kuendelea kusoma, simulizi ya kwanza ya Douglass, ya 1845, ni fupi na ataielewa sasa hivi. Kitabu cha Twain kina tusi la rangi zaidi ya mara 200, kwa hiyo kisome pamoja naye na mzungumze kuhusu neno hilo kabla hajakutana nalo peke yake. Tukio la Jim na binti yake liko sura ya 23. Native Son na Beloved zina damu na mambo ya kikubwa, ningezisubirisha mpaka afike darasa la kumi na mbili. Na Jumamosi moja mchukue mwende kwenye jumba la makumbusho la barabara ya siri ya watumwa watoro, liko hapo Cincinnati kando ya mto, mwone upande ule wa Kentucky alikotokea Margaret Garner ulivyo karibu.